Mnashitaki Kidonge, Presha Imekaa Pembeni

Haya, wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, sogeeni hapa. Siku hizi ujumbe mnaonitumia unafanana kana kwamba mlikaa kikao kwanza. Mama ana miaka 60 na kitu, au baba kapita 70. Alikuwa halali, hali, anashinda kwenye kigoda anatazama barabara bila kumwona apitaye. Mkampeleka hospitali, akaandikiwa dawa ya sonona, na baada ya wiki kadhaa akaanza kuuliza mbuzi wamefungwa wapi. Mkafurahi. Kisha ndugu mmoja, mara nyingi yule wa mjini ambaye hajawahi kumkorogea mzee uji tangu augue, akarusha sauti kwenye kundi la familia: hizo dawa zinaleta kiharusi kwa wazee, mwachisheni leo leo. Mdogo wangu mmoja wa Bunda keshazimwaga chooni.

Huyo ndugu hakutunga uongo. Ila kasoma kichwa cha habari akaiacha habari yenyewe, na nyie mkamfuata. Ngoja niwape hiyo habari, maana uamuzi utafanywa na nyie mnaolala na mzee nyumba moja.

Kwanza mjue mzee anameza nini. Katika hospitali zetu dawa ya sonona mara nyingi huwa moja kati ya mbili. Kuna amitriptilini, ya zamani, ya bei nafuu, inayoleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku. Wengine hupewa hiyo kwa sababu ya miguu inayowaka moto kwa kisukari, au kwa kipandauso, kwa hiyo ukiikuta kwenye mfuko wa baba usianze kunong'ona jikoni kwamba baba kachanganyikiwa. Uliza aliandikiwa kwa ajili gani. Kuna na fluoksetini, iliyokuja baadaye, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi kwa kuwa huwanyima wengine usingizi.

Fluoksetini na dawa za kundi lake ndizo zilizozua maneno haya. Zinafanya kazi kupitia serotonini, kemikali inayotumiwa na ubongo kupeleka habari. Sasa serotonini hiyohiyo inahitajiwa na chembe sahani, zile chembe za damu zinazokimbilia kuziba mshipa uliochanika. Chembe hizo huiokota kwenye damu na kuiweka akiba. Dawa ikizuia uokotaji huo, damu inachelewa kidogo kuganda. Kwa watu wengi hilo halionekani hata kidogo. Kwa wachache damu huvuja tumboni, na kwa wachache zaidi huvuja ndani ya kichwa, na hicho ni kiharusi.

Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walikusanya tafiti nyingi za namna hii wakakuta kwamba wanaotumia dawa za kundi hilo walivuja damu ubongoni kwa takriban asilimia 40 zaidi ya wasiotumia. Asilimia 40! Hapo ndipo kiwewe kinapoanzia. Lakini watafiti haohao walipiga hesabu nyingine ambayo haikufika WhatsApp: wape watu 10,000 dawa hizi mwaka mzima, atakayeongezeka kwa kuvuja damu ubongoni ni mmoja. Simdharau huyo mmoja, anaweza kuwa mama yako au wangu. Ila asilimia ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo, na ndugu yenu hakuwaambia asilimia ya nini.

Kwa wazee hasa, utafiti unaotajwa sana ni wa Uingereza, uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2011. Uliwafuatilia wagonjwa wa sonona 60,746, wote wa miaka 65 na kuendelea. Wanaotumia kundi la fluoksetini walipata kiharusi kwa asilimia 17 zaidi kuliko wasiotumia dawa yoyote ya sonona. Kundi la amitriptilini halikuonyesha ongezeko la maana la kiharusi. Mnisome vizuri na hapa: kundi la fluoksetini lilionekana kuandamana na kuanguka kwa asilimia 66 zaidi. Hili la kuanguka hakuna aliyeniuliza, hata mmoja, na mimi ndilo ninaloliogopa kuliko lile la kiharusi. Bibi akiteleza usiku akienda choo cha nje, nyonga ikavunjika, mnajua wenyewe mwaka unaofuata unavyokuwa.

Na kabla hujakimbilia kumwomba daktari abadilishe ampe amitriptilini, hiyo nayo ina vituko vyake. Inakausha kinywa, inafunga choo, inambania mkojo mzee mwenye tezi dume, inashusha presha anaposimama ghafla, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na wazee wengine inawachanganya kichwa. Daktari akichagua moja akaacha nyingine huwa anapima hayo yote dhidi ya maradhi mengine ya mzee. Ndiyo maana haifai kuazimana. Dawa iliyomfaa mama mkwe wa jirani haijui chochote kuhusu moyo wa mama yako.

Sasa kuna onyo ambalo watafiti wa Uingereza walilitoa wenyewe. Wazee wanaoandikiwa dawa ndio waliozidiwa zaidi tangu mwanzo. Ukisimama Barabara ya Mukendo pale Musoma siku ya mvua kubwa utakuta wenye miamvuli ndio waliolowa miguu, kwa sababu waliobaki ndani hawakuhitaji miamvuli. Hutasema mwamvuli ndio ulioleta mvua.

Mvua yenyewe ni sonona. Mwaka huohuo wa 2011 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha mkusanyo wa tafiti 28 zenye watu 317,540 waliofuatiliwa kwa miaka. Wenye sonona walipata kiharusi kwa asilimia 45 zaidi ya wasio nayo. Usinishangae. Mzee aliyekata tamaa haoni sababu ya kumeza kidonge cha presha. Hatembei tena mpaka shambani, ugoro na sigara vinaongezeka, pombe ya jioni inageuka gongo ya asubuhi, mwili unakaa katika hali ya hofu usiku na mchana. Kuna na jambo jingine ambalo madaktari wa wazee hulijua: mishipa midogo ya ubongo ikianza kuharibika kwa presha au sukari, dalili ya kwanza inaweza kuwa huzuni na mwili kuwa mzito, kabla hata mkono haujalegea. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mcheshi, halafu anaanza kuzima akiwa na miaka 70, msiseme tu ni uzee. Mpimeni presha na sukari.

Nimefika ninapotaka. Presha.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Takriban 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2006, wilaya hiyohiyo na Dar es Salaam zilihesabu viharusi vipya mtaa kwa mtaa. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 316. Na hao Hai hawana hata kayabo! Nyie mna sangara aliyepasuliwa akalazwa kwenye chumvi mpaka akakakamaa kama ubao, na mna dagaa wa kukaanga ambao muuzaji kawanyunyizia chumvi na mlaji anaongeza yake. Siwakatazi kayabo, nitakuwa nani. Mlowekeni usiku kucha, mwage maji, mlowekeni tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Sato mbichi wa Mwigobero pale Musoma ni bora zaidi kwa mzee, mwenye uwezo amnunulie huyo.

Weka sasa mambo mawili kwenye mizani. Upande mmoja mtu mmoja zaidi wa kuvuja damu ubongoni katika 10,000 kwa mwaka. Upande wa pili presha ambayo mzee wako anaweza kuwa nayo leo, na ambayo kidonge chake hugawiwa kila siku. Halafu familia inamwaga kidonge cha sonona chooni na cha presha kinamezwa "akijisikia". Hili neno la kujisikia limeua watu. Presha ya juu kwa kawaida mtu haisikii. Mnasema baba kichwa hakimuumi kwa hiyo presha imeshuka, anapumzisha dawa. Haipumzishwi. Presha imeshuka kwa sababu dawa anaimeza.

Pima nyumbani kama mna kipimo, au zahanati kama hamna, lakini pimeni kama watu wanaotaka kujua. Mzee akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu imekanyaga chini, asiweke mguu juu ya mguu. Apumzike dakika 5, na katika dakika hizo asigombane na mtu kuhusu mpaka wa shamba. Mkono uwe wazi, si juu ya sweta, na uegemee meza usawa wa moyo. Asiongee mashine ikipuliza. Rudia baada ya dakika moja au mbili, andika zote mbili kwenye daftari na tarehe. Ikiwa mara kwa mara inagonga 140 juu au 90 chini, kuna kazi ya kufanya kliniki. Kwa mzee anayetumia dawa ya sonona ongeza kitu kimoja ambacho vituoni husahaulika: mpime akiwa amekaa, kisha asimame, umpime tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikidondoka kwa 20 au zaidi, huyo ndiye atakayeanguka usiku. Mwambie daktari. Na mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza kabla hajainuka.

Halafu nataka mfanye jambo moja Jumapili hii mkiwa wote nyumbani. Chukua ule mfuko wa rambo ambao mzee anauweka chini ya godoro, mwaga vyote kwenye mkeka. Najua mtakachokuta. Bahasha ndogo zilizofifia wino, moja imeandikwa 1x1 na jina la dawa halisomeki. Vidonge vya presha vya hospitali mbili tofauti vyenye majina mawili na kazi ileile. Masalia ya antibiotiki ya mjukuu. Na katikati ya yote, karatasi ya diklofenaki iliyokatwa na mkasi, vidonge vitatu vimebaki, aliyonunua dukani kwa ajili ya magoti bila kumwambia mtu.

Hiyo diklofenaki ndiyo inayonitoa jasho. Peke yake hupandisha presha, huumiza figo na huongeza hatari ya moyo na kiharusi. Ikikutana na fluoksetini, uwezekano wa kuvuja damu tumboni unapanda sana kuliko kila dawa ikiwa peke yake. Ibuprofeni ni hivyohivyo, na aspirini pia. Wafarini, ile ya kuzuia damu isigande, ndiyo usiseme. Tramadoli nayo ikichanganywa na fluoksetini inaweza kumfanya mzee atetemeke, atokwe jasho, achanganyikiwe. Na vidonge vya presha vya kukojoza, vikiungana na fluoksetini, hushusha chumvi ya damu kwa baadhi ya wazee. Unaona mtu ametulia jana, leo anaita watu waliokufa. Familia inasema ni mizimu. Mpelekeni apimwe damu. Kwa maumivu ya magoti, paracetamol kwa kipimo cha kawaida ndiyo ya kuanzia, na muulizeni daktari kama inatosha. Vyote vilivyomo mfukoni vibebeni hivyohivyo mpaka kliniki, mvimwage mezani kwa daktari. Msione haya.

Nitasema kidogo tu kuhusu haloperidoli na lagaktili. Hizo si dawa za sonona. Ni za maradhi mengine ya akili, na kwa mgonjwa wa hayo ni msaada mkubwa. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu, anayetembea usiku akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani, akipewa hizo ili tu nyumba ilale, hatari ya kiharusi na ya kifo inaongezeka, na onyo hilo lipo tangu miaka ya 2000. Kama mzee wako yuko huko, uliza: ni za nini, na mpaka lini?

Na kama kiharusi kimeshakuja? Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja unashuka akiambiwa ainue yote miwili, maneno yanakokota. Angalia saa, ikariri, maana daktari ataiuliza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina kazi ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo, na haitolewi kabla ya picha ya kichwa. Msimpe aspirini nyumbani, kwa sababu hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe uji wala maji, koo inaweza kuwa imepooza. Msimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Mlazeni ubavu, tafuteni gari. Musoma kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na Bugando iko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 toka Musoma. Ulizeni leo, kabla ya dharura, ni wapi mashine ya CT scan inafanya kazi na gari la nani litatoka usiku. Hilo swali likiulizwa saa nane za usiku halina jibu.

Mwenzetu wa Butiama anasema mjomba anataka mgonjwa apelekwe kwanza kwa mtaalamu kwa sababu ni mkono wa mtu. Mdogo wangu, utani wangu hapo ni kwamba watafiti waliwauliza watu wa Dar na wa Hai, na wa mjini ndio waliotaja majini na uchawi zaidi, wa kijijini wakataja presha na mawazo. Mwambie mjomba asitutie aibu mbele ya Wachaga. Kisha mkumbushe kwa heshima kwamba Mwalimu mwenyewe, akiwa London akitibiwa saratani ya damu, alipatwa na kiharusi hospitalini Oktoba 1999, akatutoka tarehe 14. Mtu ambaye mjomba anamheshimu kuliko wote alipata ugonjwa wa mishipa. Maombi na mengine yafuate baada ya hospitali, sina ugomvi nayo.

Kati ya waliopona kiharusi, kama mmoja katika watatu hupata sonona baadaye. Hapo dawa zinarudi tena, na zina nafasi yake. Ila kuna wanaonunua fluoksetini wakiambiwa itaurudisha mkono. Waingereza walilijaribu hilo kwa wagonjwa 3,127, miligramu 20 kila siku kwa miezi 6, majibu yakatoka mwishoni mwa 2018: sonona mpya ilipungua, mkono haukurudi haraka zaidi, na mifupa iliyovunjika iliongezeka. Kwa huzuni, ndiyo, daktari akiona inafaa. Kwa mkono, fanyeni mazoezi.

Kwa aliyezimwaga chooni: usinunue nyingine na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Rudi kliniki wiki hii, sema ukweli, hawatakufunga. Dawa hizi zikikatwa ghafla mtu hupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, hasira, na sonona inaweza kurudi. Zikibidi kuachwa hupunguzwa polepole chini ya daktari. Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo, kwa hiyo ulizeni kitambulisho cha mzee na dirisha la wazee kabla hamjauza kuku.

La mwisho limetoka kwa binti ambaye hakutaja mji. Baba yake anasema, "Nimechoka, afadhali nife niwapumzishe." Yeye anacheka kubadilisha mada. Usicheke, mwanangu. Mwamkie, kaa karibu, muulize waziwazi: baba, umefikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hana. Kunampa mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, au akinyamaza, mtu asimwache peke yake, na hospitali ni leo. Kisha zunguka nyumba. Kama ni Bunda kwenye pamba, dawa ya kupulizia ile ya shambani ihame kabisa, ikalale kwa jirani. Na amitriptilini, ambayo kwa kipimo ni dawa na kwa kiganja ni sumu ya moyo, shika wewe. Weka kwenye sanduku lenye kufuli, wajukuu nao wasiifikie, na kila usiku mpe baba kile kidonge kimoja na maji, umsubiri ameze.